Kesi za maslahi ya umma ukiwa ofisi binafsi ya uwakili: pa kuanzia

Somo hili ni la wakili wa Tanzania mwenye leseni hai, aliye kwenye ofisi inayoishi kwa mikataba, mikopo ya benki na mirathi, anayetaka kushika kesi za umma bila kuhama.

Hatua ya 1. Kabla hujamwahidi mtu chochote, pitisha majina ya wahusika wote kwenye orodha ya wateja wa ofisi, wa zamani pia. Huwezi kuwatetea wanakijiji wanaolalamikia mgodi huku mwenzako chumba cha pili akiuandikia mgodi huohuo mikataba.

Hatua ya 2. Fungua jalada kama la mteja anayelipa: namba, makubaliano ya maandishi, jina la mbia anayewajibika, na nani atagharamia nakala na nauli za mashahidi. Omba saa maalumu, hata nne kwa wiki. Kesi ya bure isiyo na jalada husukumwa pembeni kazi ya malipo ikiingia. Tarehe inapita, shauri linafutwa kwa kutohudhuria, na anayeumia ni yule aliyekuamini.

Hatua ya 3: mlalamikaji. Hapa ndipo mashauri mengi yanapofia. Kesi ya mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila ya mwaka 1993 ilitambua kuwa ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuitetea. Kwa mlango huo mwanaharakati Rebeca Gyumi alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Marekebisho ya 2020 ya sheria ya haki na wajibu muhimu (Sura ya 3) yaliubana mno mlango huo, na kwa maoni yetu ilikuwa hasara kubwa kwa wanyonge. Yalitaka ombi liambatane na kiapo (maelezo ya maandishi yaliyoapiwa) kinachoeleza mwombaji ameathirika vipi yeye binafsi, na awe amemaliza nafuu zote, yaani njia za kupata haki, zilizopo katika sheria nyingine.

Kwa hiyo mtafute aliyeguswa kwanza, kisha ndipo uandike. Kiapo kitaje tarehe, mahali, nani alifanya nini, na kiambatishe barua za malalamiko na majibu yake. Usijaze hoja za sheria humo, wala habari za kusikia zisizotajwa chanzo. Aya hizo zitafutwa, na kiapo kikibaki mifupa, pingamizi la awali, lile la upande wa pili kabla ya kusikilizwa, litalimaliza ombi kabla majaji watatu hawajagusa hoja yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Wakili msomi, tukikwama hapa, Arusha hatuwezi kwenda?*
Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki haidai umalize nafuu za ndani, ila hoja isimame kwenye Mkataba wa Jumuiya, na una miezi 2 tu tangu kitendo kitokee au ukijue. Wengi hukosa kwa kusubiri majibu ya barua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha pia, mtu binafsi hawezi tena kuishtaki Tanzania moja kwa moja. Tamko la kuruhusu hilo liliondolewa Novemba 2019.

*Na madai ya fidia dhidi ya halmashauri?*
Toa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha muunganishe kwenye kesi. Ukimwacha, shauri limeharibika.

*Mteja akishindwa, atatozwa gharama?*
Huamua mahakama. Mara nyingi kila upande hubeba zake, lakini usimhakikishie. Mwandikie hatari hiyo kwa Kiswahili, asaini kabla hujafungua.