"Borrow" kwa mwanafunzi Mchina

Ukimfundisha Mchina Kiingereza, mapema tu utamsikia akisema "Can you borrow me your pen?" badala ya "Can you lend me your pen?" Usimkaripie. Kitenzi cha Kichina "jiè" kinabeba pande zote mbili, kutoa na kupokea. Maneno ya pembeni ndiyo yanayoonyesha kitu kinaelekea wapi. "Jiè gěi" ni kumpa mtu, "gēn" ikitangulia ni kuchukua kwake. Sisi tunalielewa hilo haraka, maana "azima" yetu ndivyo ilivyo: nimeazima jembe kwa jirani, na jirani ameniazima jembe.

Kinachosaidia ni kushika kalamu yenyewe. Ikitoka kwangu kwenda kwako: "I lend you my pen." Ikija kwangu: "I borrow a pen from you." Mzoeshe kutamka "borrow from" kwa pamoja. "From" ikishakaa mdomoni, "borrow me" inakosa pa kupenya.

Na kitu kimoja zaidi: kwa Kichina mtu huomba "jièyòng" (kuazima kwa kutumia) hata choo. Kwa Kiingereza "borrow" ni ya kitu unachoondoka nacho ukakirudisha. Choo ni "Can I use the toilet?"