Kuwania Tuzo za Filamu za Akiolojia na Urithi wa Utamaduni: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unamfaa mtu aliyekwisha kukamilisha filamu ya makala kuhusu eneo la kale, vitu vya kale au desturi inayohifadhiwa na jamii fulani, na ambaye sasa anataka kuiingiza katika kinyang'anyiro cha tuzo. Sitaeleza namna ya kurekodi wala kuhariri, na fomu za mtandaoni nitaziruka kwa kuwa zinajieleza zenyewe. Nimeuandika baada ya kuwasaidia watayarishaji kadhaa kuandaa nakala zao za tamasha. Katika kazi hiyo nimeona filamu nzuri zikiangushwa na mambo ya kando: kipengele kisichoifaa filamu, kibali kinachokosekana, na zaidi ya yote manukuu, yaani maandishi ya tafsiri yanayotokea kwenye skrini, yasiyosomeka.

Hatua ya 1: Chagua tamasha kwa kuangalia ni nani anayetoa tuzo

Yapo matamasha mahususi ya filamu za akiolojia, na mengi kati yake yako Ulaya. Lile la Rovereto, Italia, lilianzishwa mwaka 1990 na makumbusho ya mji huo, na tuzo yake inayojulikana zaidi imepewa jina la Paolo Orsi, mwanaakiolojia mzaliwa wa Rovereto. Bordeaux, Ufaransa, kuna Icronos, lililoanza mwaka 1988. Athens kuna AGON. Na miji ya Nyon, Uswisi, na Irun, Hispania, ina matamasha yake pia. Ng'ambo ya Atlantiki, Archaeological Legacy Institute huendesha tamasha la namna hii katika jimbo la Oregon, Marekani. Mbali na hayo, yapo matamasha mapana yenye kipengele cha fani hii: Royal Anthropological Institute ya Uingereza, kwa mfano, ina tuzo maalumu ya filamu zinazohusu vitu vya utamaduni na akiolojia ndani ya tamasha lake la filamu za kianthropolojia.

Kabla ya kulipa ada, soma orodha ya tuzo na uone ni nani anayeamua. Huko Rovereto jopo la majaji lina tuzo yake na watazamaji wana yao, na mara nyingi ladha za pande hizo mbili hazifanani. Filamu ya uchunguzi wa maabara inayoenda polepole inaweza kulivutia jopo lenye wanaakiolojia na kuwachosha watazamaji wa jioni, wakati filamu ya safari yenye msimulizi mchangamfu hukutana na kinyume chake. Tamasha la Oregon, kwa upande wake, limekuwa likitambua pia sehemu za kazi, kama vile usimulizi, muswada, muziki na upigaji picha, kwa hiyo filamu yenye usimulizi wa nguvu na picha za kawaida ina mahali pake pale hata kama haitarajiwi kuwa filamu bora kuliko zote.

Kuna kundi moja ambalo ningekusihi ulikwepe, nalo ni lile la matamasha ya mtandaoni yanayotangaza washindi kila mwezi, yenye vipengele visivyohesabika na ada kwa kila kipengele. Tamasha la kweli hutaja majaji wake kwa majina, hutaja ukumbi na tarehe za maonyesho, na huweka wazi orodha ya washindi wa miaka iliyopita pamoja na ratiba iliyotumika. Likikosa mambo mawili kati ya hayo, unanunua cheti.

Hatua ya 2: Panga kalenda

Baadhi ya matamasha haya, kama lile la Bordeaux, hufanyika kila baada ya miaka 2, na mengi huweka kikomo cha mwaka wa utayarishaji, kwa hiyo filamu iliyochelewa msimu mmoja inaweza kupitwa na wakati kabla ya msimu unaofuata. Anza na tamasha linalodai onyesho la kwanza. Ikiwa una mkataba na kituo cha televisheni, soma kifungu kinachohusu tarehe ya kurusha kipindi.

Hatua ya 3: Kusanya vibali na haki katika folda moja

Kibali cha kupiga picha eneo la kale hutolewa na mamlaka ya mambo ya kale ya nchi husika, na mara nyingi kibali cha utafiti hakitoshi kwa filamu itakayoonyeshwa hadharani. Picha za kumbukumbu na muziki vinahitaji haki ya maonyesho ya tamasha angalau. Haki hiyo huwa nafuu kuliko haki kamili, lakini haikuruhusu kuuza filamu baada ya kushinda, jambo ambalo ni vyema kulijadili na mwenye picha mapema, kabla hajajua kwamba umepata tuzo.

Mwombe mkuu wa uchimbuaji aitazame filamu kamili na athibitishe kwa maandishi kwamba hakuna matokeo yaliyoonyeshwa kabla ya timu yake kuyachapisha. Hakikisha pia kwamba picha za droni na ramani hazimwelekezi mwizi wa mambo ya kale kwenye makaburi yasiyolindwa. Kukata sekunde chache za mandhari ni gharama ndogo. Kuhusu mabaki ya binadamu, Mapatano ya Vermillion ya mwaka 1989, yaliyopitishwa chini ya World Archaeological Congress, yanataka marehemu na jamii yake waheshimiwe. Jaji mwanaakiolojia huwa anafahamu jambo hilo, hivyo uwe na jibu kuhusu nani aliyeridhia mifupa ile ionyeshwe.

Hatua ya 4: Tenganisha ushahidi na makisio

Jengo lililosimamishwa upya kwa kompyuta huvutia macho, na ndilo linaloleta ubishi mkubwa zaidi mezani pa majaji. Mkataba wa London kuhusu taswira za kompyuta za urithi wa utamaduni, ambao toleo lake linalotumika ni la mwaka 2009, unadai mtazamaji aweze kujua taswira inaonyesha nini: hali iliyopo, urejeshaji wenye ushahidi, au dhana tu, na kwa kiwango gani cha uhakika. Kanuni za Seville, zilizoandaliwa mwaka 2011, zinasisitiza jambo hilohilo kwa akiolojia ya kidijitali.

Kwa vitendo, napendelea njia ya kuta zenye rangi mbili: sehemu iliyochimbuliwa ibaki na rangi yake halisi, na sehemu iliyokisiwa iwe hafifu. Maandishi ya "taswira ya kubuni" yanayopita kwa sekunde mbili pembeni mwa skrini hayamsaidii mtu. Maigizo ya watu wa kale ningeyaondoa kabisa, ingawa najua wapo wanaoyapenda.

Hatua ya 5: Manukuu

Usiiguse hatua hii mpaka uhariri wa picha ufungwe, kwa sababu fremu chache (picha moja moja zinazounda filamu) zikiongezwa katikati ya filamu, kila nukuu inayofuata itakuwa imehama.

Tuanze na tatizo lililoteketeza usiku mzima nilipokuwa nikimsaidia mtayarishaji mmoja. Manukuu ya filamu yake ya saa moja yalikaa sawa kabisa mwanzoni, yakaanza kutangulia maneno kidogo kidogo, na kufikia mwisho yalikuwa mbele kwa zaidi ya dakika 2. Chanzo chake ni hiki: faili la manukuu la aina ya SRT huhifadhi saa, dakika, sekunde na sehemu za sekunde, na halijui chochote kuhusu fremu. Filamu ilihaririwa kwa fremu 25 kwa sekunde, kisha nakala ya ukumbini ikatengenezwa kwa fremu 24 kwa kupunguza kasi, hivyo dakika 60 zikawa dakika 62 na nusu, huku manukuu yakiendelea kuhesabu dakika 60. Dawa yake ni kuzidisha nyakati zote kwa 25 na kugawanya kwa 24. Mkanganyiko kati ya fremu 24 na fremu 23.976 ni wa hila zaidi, kwa kuwa tofauti yake ni sekunde 3.6 tu kwa saa: mtu anayekagua dakika tano za kwanza hatauona, ilhali jaji atakayefika mwisho atausumbukia.

Kanuni ya kutambua ugonjwa ni rahisi. Chukua nukuu moja ya dakika ya kwanza na moja ya dakika ya mwisho, na uzilinganishe na sauti. Pengo likikua kadiri filamu inavyosonga, tatizo ni kasi ya fremu. Pengo likiwa lilelile mwanzo hadi mwisho, tatizo ni mahali pa kuanzia kuhesabu. La pili husababishwa zaidi na programu za kuhariri ambazo huanza kuhesabu kutoka saa 1 badala ya sifuri. Nukuu ya kwanza huandikwa 01:00:04,000, na jaji hutazama filamu nzima ya dakika 52 bila kuona neno hata moja, kisha huandika kwamba filamu haina tafsiri. Sogeza nyakati zote nyuma kwa saa moja na jambo litakuwa limekwisha.

Kwa kazi zote hizi natumia programu ya Subtitle Edit, ambayo ni ya bure na ina amri ya kubadili kasi ya fremu na ya kusogeza nyakati. Siandiki manukuu ndani ya programu ya kuhariri picha, kwani maandishi hubaki yamefungwa ndani ya mradi na kuyatoa huleta makosa mapya kila mara. Manukuu ya kompyuta yanayojitengeneza yenyewe nayaamini kwa rasimu tu. Katika fani hii yenye majina ya mahali na istilahi za udongo na kauri, hukosea palepale ambapo jaji anajua jibu sahihi.

Hifadhi faili kwa usimbaji wa UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi unaobeba herufi za lugha zote, na uhakikishe mpokeaji analisoma hivyo. Ukipuuza hilo, jina la eneo la kale la Çatalhöyük, Uturuki, litatokea kwenye skrini likiwa "Ã‡atalhÃ¶yÃ¼k", mbele ya watu ambao huenda wamechimba huko.

Urefu wa nukuu uwe mistari 2 isiyozidi herufi 42 kila mmoja, na ikae kwenye skrini si chini ya sekunde 1 wala zaidi ya sekunde 7. Mimi hujiwekea kikomo cha herufi 15 kwa sekunde. Kwa kuwa wataalamu husema mengi, itabidi ukate, na kukata kuna adabu yake. Tuseme mtaalamu anasema: "Hiki tunachokiona hapa, kama nilivyokwisha kueleza, ni kipande cha chungu ambacho kwa maoni yangu pengine kilitumika kuhifadhi nafaka." Nukuu yake iwe:

Kipande hiki ni cha chungu ambacho
pengine kilihifadhi nafaka.

Hizo ni herufi 61, zinazosomeka kwa sekunde 4 hivi. Maneno ya kujazia yameondoka, lakini "pengine" imebaki. Mfasiri asiye na uzoefu huondoa neno hilo kwanza kwa kuwa linaonekana dogo, na hapo makisio ya mtaalamu hugeuka kuwa tangazo.

Tarehe zinahitaji jicho la pekee. Wanaakiolojia hutumia kifupisho BP (Before Present, yaani kabla ya sasa) kwa miaka iliyohesabiwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1950, na wafasiri wengi hudhani ni sawa na KK. Tarehe iliyokwisha kusawazishwa, yaani kurekebishwa ilingane na miaka ya kalenda, ya 5000 BP ni takriban mwaka 3050 KK, kwa hiyo mkanganyiko huo mmoja unahamisha eneo lako kwa karibu miaka 2000. Ikiwa tarehe ya kaboni haijasawazishwa, usiigeuze mwenyewe kwa kutoa. Mwombe mtaalamu akupe tarehe iliyosawazishwa.

Angalia pia mgongano wa maandishi. Jina na cheo cha mtaalamu kwa kawaida hukaa chini ya skrini, mahali palepale pa manukuu, hivyo ama uyapandishe manukuu juu kwa sekunde hizo, ama uhamishe jina. Kwa wazee na wasimulizi wa jamii, sipendi sauti ya mfasiri kufunika sauti zao. Acha msikilizaji asikie lugha yenyewe na asome tafsiri. Nyimbo na maneno ya matambiko yasitafsiriwe kabla ya wenyewe kuulizwa, maana mengine hayakusudiwi wageni.

Mwisho, andaa vitu vitatu vilivyotengana: nakala ya kutazamia ya kamati ya uchujaji, yenye manukuu ya Kiingereza yaliyogandishwa kwenye picha, nakala safi ya ukumbini isiyo na maandishi ya tafsiri, ikiambatana na faili la SRT, na orodha ya maneno yote yanayosemwa, usimulizi ukiwemo, pamoja na nyakati zake. Tamasha la Italia au Ufaransa litaitumia orodha hiyo kutengeneza manukuu kwa lugha yake, na ukituma nakala yenye Kiingereza kilichogandishwa, ukumbi utaona tabaka mbili za maandishi zikipandana. Kisha itazame filamu yote kwenye kompyuta nyingine kabisa. Faili la video na la manukuu yakiwa na jina moja ndani ya folda moja, programu ya kutazama video ya VLC huyafungua pamoja.

Hatua ya 6: Nakala ya ukumbini

Ukumbi ukidai DCP, yaani kifurushi kinachosomwa na mitambo ya sinema, programu ya DCP-o-matic hukitengeneza bila gharama. Ikiwa tamasha linapokea faili la kawaida, tuma ProRes, aina ya faili la video lenye ubora wa juu, na uachane na DCP, kwa kuwa kila ugeuzaji ni nafasi nyingine ya kuharibu kitu. Usitumie diski iliyoumbizwa kwa mfumo wa FAT32, ambayo haibebi faili linalozidi GB 4.

Hatua ya 7: Muhtasari na picha

Andika muhtasari wa maneno 50 na mwingine wa 150. Taja eneo, kipindi na swali la utafiti katika sentensi ya kwanza. Picha tatu zenye ubora wa kuchapishwa zinatosha, mojawapo ikiwa ya mtu akiwa kazini.

Hatua ya 8: Ukiteuliwa

Jibu barua ya tamasha siku hiyohiyo na uombe jina la fundi wa ukumbi, kwa sababu ndiye atakayekuambia kama faili limefunguka. Mwalike mwanaakiolojia aliyeonekana kwenye filamu kwa mazungumzo baada ya onyesho. Maswali mengi yatakuwa yake kuliko yako. Katika bango na tovuti, andika kile ulichopewa kama kilivyo: filamu iliyoteuliwa kuonyeshwa, iliyotajwa kwa heshima na iliyoshinda ni vitu vitatu tofauti, na kwa tuzo taja jina lake kamili, mwaka wake, na kama ilitolewa na jopo au na watazamaji.