Grafu za kukua na kupungua kwa kipeo: weka rula pembeni twende hatua kwa hatua

Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Dodoma, fomu three mpaka fomu six, na hii mada inawatoa watu jasho kuliko inavyostahili, maana wengi wanakariri umbo tu, moja inapanda moja inashuka basi, swali likigeuzwa kidogo wanakwama. Chukua karatasi ya grafu, penseli na kalkuleta. Rula ni ya kuchorea mihimili tu.

Hatua ya 1: gawanya, usitoe

Tuanze na kitu ambacho mtaani kila mtu anakijua, mkopo wa kausha damu. Tuseme umechukua 100,000, riba 20% kwa mwezi, hujalipa chochote na riba inapigwa juu ya riba. Mwezi wa kwanza deni ni 120,000, wa pili 144,000, wa tatu 172,800. Ukitoa unapata ongezeko la 20,000, halafu 24,000, halafu 28,800, haziko sawa. Ila ukigawanya kila namba kwa iliyoitangulia jibu ni 1.2 kila mara. Hicho ndo kitambulisho chake. Tofauti zikiwa sawa huo ni mstari ulionyooka, migawanyo ikiwa sawa hiyo ni grafu ya kipeo, na hili ukilishika mengine yanafuata yenyewe.

Hatua ya 2: tafuta a na b

Fomula ni y = a × b^x, yaani b kwa kipeo cha x, na x kwetu ni idadi ya miezi. Hapo a ni thamani ya kuanzia, yaani pale grafu inapokata mhimili wa y, kwetu ni 100,000. Na b ni ile 1.2. Ikizidi 1 grafu inapanda, ikiwa kati ya 0 na 1 inashuka. Angalia hapa sana: kitu kikipungua 20%, b ni 0.8 na sio 0.2, kwa sababu unachozidisha ni kile kilichobaki. Sasa weka x = 12 kwenye ule mkopo, deni linafika kama 891,600, wakati riba isiyopanda juu ya riba ingekuacha na 340,000. Miezi mitatu ya mwanzo hizo grafu mbili zinakaribiana kabisa, ndo maana mtu anasaini akiwa na amani.

Hatua ya 3: chora

Fanya y = 2^x, x kuanzia -3 hadi 3. Jedwali linakupa 1/8, 1/4, 1/2, 1, 2, 4, 8. Weka nukta, unganisha kwa mkono kwa kevu laini. Upande wa kushoto kevu inausogelea mhimili wa x ila haiugusi, maana hakuna kipeo cha 2 kinachotoa sifuri. Mstari unaosogelewa bila kuguswa hivyo ndo unaitwa asimptoti, hapa ni mhimili wa x. Ukichora y = (1/2)^x unapata ileile imegeuzwa kushoto kulia. Ukiongeza +3 mwishoni kila kitu kinapanda na asimptoti inakuwa y = 3.

Hatua ya 4: soma grafu inayoshuka

Kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua yenyewe taratibu, inabaki nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ndo inayotumika kupima umri wa mkaa wa kale unaofukuliwa kwenye mapango kama ya huko Kondoa. Nukta zako: mwaka 0 ni 100%, 5,730 ni 50%, 11,460 ni 25%, 17,190 ni 12.5%. Sasa mkaa una 30% iliyobaki, una umri gani? Anzia 30 kwenye mhimili wa y, nenda mlalo mpaka kwenye kevu, shuka chini. Kevu nzuri inakupa karibu miaka 9,950. Aliyeunganisha 50 na 25 kwa rula atasoma kama 10,300, kapoteza miaka 350 kwa sababu ya rula tu.

Hatua ya 5: ipime kwa namba halisi

Hapa ndo napapenda zaidi. Sensa ya 2012 mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588, ya 2022 watu 3,085,625. Gawanya, unapata 1.48 kwa miaka kumi, kipeo cha 1/10 kinakupa b ya 1.04, yaani kama 4% kwa mwaka. Ukivuta kevu hadi 2032 unafika kama milioni 4.57, ukivuta mstari wa rula unaishia milioni 4.09.

Ila usikimbilie kuandika jibu, nukta mbili hazithibitishi kitu, kevu yoyote inaweza kupita kwenye nukta mbili. Ongeza sensa ya 2002, watu kama milioni 1.7. Sasa mgawanyo wa 2002 mpaka 2012 ni kama 1.23 na wa 2012 mpaka 2022 ni 1.48. Haziko sawa! Kwa hiyo hakuna b moja inayobeba miaka yote ishirini, na ukikumbuka kwamba serikali ilitangaza kuhamia huku 2016 unaelewa kwa nini b ibadilike katikati. Hiyo milioni 4.57 inasimama tu kama kasi ya miaka kumi iliyopita itaendelea vilevile, na kwenye mtihani iandike hivyohivyo pembeni ya jibu.