Nani Anaamua Kama Mgogoro Uende kwa Msuluhishi?

Tuseme kampuni ya Tanga imemuuzia mnunuzi wa Marekani singa za mkonge. Malipo yamekwama, na mkataba una kifungu cha usuluhishi, yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama.

Hatua ya 1. Tenganisha maswali matatu. Nani anamdai nani? Mgogoro huu umo ndani ya kifungu? Na nani mwenye mamlaka ya kujibu hilo la pili? Wengi huchanganya la pili na la tatu, hoja zikaanguka mapema.

Hatua ya 2. Tafuta makao ya usuluhishi yaliyotajwa, yaani nchi ambayo sheria yake inausimamia usuluhishi, kwani nchi hazifanani. Yakiwa Tanzania, Sheria ya Usuluhishi ya 2020 inamruhusu msuluhishi aamue mamlaka yake mwenyewe, ila neno lake si la mwisho. Kenya, chini ya sheria yao ya 1995, asiyeridhika na uamuzi huo ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu.

Marekani wanaanzia upande wa pili. Katika kesi ya First Options dhidi ya Kaplan (1995), Mahakama ya Juu ilisema swali la kama mgogoro umo ndani ya kifungu ni la mahakama, mpaka uwepo ushahidi ulio wazi, usio na shaka, kwamba pande zote zilimkabidhi msuluhishi. Zikishamkabidhi, basi: kesi ya Henry Schein (2019) inaizuia mahakama kuingilia hata ikiona hoja ya kwenda usuluhishi haina msingi kabisa.

Hatua ya 3. Soma kanuni zilizotajwa, si mkataba peke yake. Kanuni za American Arbitration Association, taasisi ya Marekani inayosimamia usuluhishi, zinampa msuluhishi uwezo wa kuamua mamlaka yake, na mahakama nyingi za rufani za shirikisho huona kuzitaja tu kunatosha. Anayenakili kifungu kutoka mkataba wa mwenzake hutia saini jambo hili bila kulijua.

Hatua ya 4. Ukipinga kule Marekani, lenga ukabidhi wenyewe, yaani sentensi inayomwachia msuluhishi aamue mamlaka yake. Kwa mujibu wa kesi ya Rent-A-Center (2010), ukilalamikia mkataba mzima na ukaacha sentensi ya ukabidhi bila kuigusa, msuluhishi ndiye ataamua.

Hatua ya 5. Ukishtakiwa Mahakama Kuu hapa Tanga, omba shauri lisimamishwe kabla ya kujibu madai. Hapa ndipo watu huumia: siku 21 za utetezi wa maandishi zinakimbia, mtu anaogopa, anawasilisha utetezi, na nafasi ya kudai usuluhishi inapotea. Hata kuomba muda zaidi wa utetezi kunaweza kuhesabiwa kuwa umeshaanza kujibu.

Maswali ya wanachama

*Muheza:* Wakili, saini iliyopo si yangu. Bado niende kwa msuluhishi?
Kama hakukuwa na makubaliano, hakuna ukabidhi. Marekani mahakama ndiyo huamua kama makubaliano yalifikiwa. Kwetu unaweza kulipinga mbele ya msuluhishi, au kusubiri tuzo (uamuzi wa mwisho wa msuluhishi) na kuipinga mahakamani, lakini usishiriki kimya kimya.

*Pangani:* Tuna mikataba miwili, wa kwanza unasema msuluhishi, wa pili mahakama.
Kwa Marekani, kesi ya Coinbase dhidi ya Suski (2024) ilijibu hilo: mahakama huamua mkataba upi unatawala.

*Chumbageni:* Nikiteua msuluhishi, ndiyo nimekubali mamlaka yake?
Hapana. Teua, lakini weka pingamizi kwa maandishi kabla hujagusa kiini cha madai.