Mashine ya dhahabu kwa mwenye sikio zito
Miaka ya kukaa kando ya karasha (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) huku Sekenke, Iramba, imeniachia sikio zito. Sauti nyembamba ndizo zilitangulia kupotea. Mashine ya kusaka dhahabu ikilia "wii", mimi napita tu, vijana nyuma wanacheka.

Anza na kisicho na gharama: kama mashine yako inaruhusu, ingia kwenye mipangilio ushushe mlio uwe wa besi.

Bado husikii? Mpelekee fundi wa simu mota ya mtetemo ya simu mbovu, aiunge na mashine ili mlio uusikie mkononi kama mtetemo. Asiiunge moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni, maana umeme wa sauti ni mdogo tena unageukageuka, mota haitacheza. Aweke dayodi ya kuunyoosha, transista ya kuukuza, na betri mbili za rimoti. Yangu nimeifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mkono usioshika mashine, kwa sababu ule mwingine unatikisika wenyewe. Mota iwe mbali na sahani ya chini ya mashine, ile inayonusa madini, isije ikasomwa kama madini (niliwahi kuchimba shimo zima kwa ujinga huo).

Jaribu kwanza: fukia sarafu ya shilingi mia, pitisha mashine polepole, usikilizie mkono.