Manesi wenzangu, tuwahudumie hivi wanaotafuta mtoto

Cha kwanza kabisa tuache kuuliza "mama nani?" pale mapokezi. Najua kwetu ndo heshima yenyewe, mwanamke mtu mzima lazima awe mama fulani, lakini huyu kaja hapa kwa sababu hilo jina hana na wewe unamuuliza mbele ya foleni nzima. Muite dada inatosha. Na asikae benchi moja na wajawazito, kama chumba ni kimoja basi gawaneni siku.

Mume naye aje siku ileile ya kwanza. Wengi wanatufikia mke kashapigwa picha ya mirija, kashameza vidonge miezi na miezi, mume hajapima hata mara moja, wakati kipimo cha mbegu ndo chepesi kuliko vyote, hakuna sindano wala kupasuliwa. Mwambie akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, chombo achukue maabara, mbegu zifike ndani ya saa 1. Na jamani mpeni chumba chenye mlango unaofunga, sio choo cha wagonjwa! Majibu yakiwa mabaya waambie wote wawili wamekaa, usimbebeshe mke peke yake aende nayo hadi kwa mama mkwe.

Kwa wanaopandikiza mimba, yaani mayai yanatolewa na kurutubishwa maabara kisha yanarudishwa, ile sindano ya mwisho ya kukomaza mayai ina saa yake, mayai yanavunwa kama saa 34 hadi 36 baadae, akikosea mzunguko mzima unaweza kuharibika na hela yake imeenda. Hapa ndo saa zetu zinatuponza, karatasi imeandikwa 10:00 pm na mtu anasoma saa kumi. Andika "saa 4 usiku", akurudishie kwa mdomo wake, halafu jioni hiyo mpigie.

Siku ya majibu ya mimba mkubaliane mapema apigiwe nani na saa ngapi. Mimi nilishampigia dada mmoja nikamwambia tu moja kwa moja kuwa haijashika, kumbe yuko kwenye daladala, nikasikia kimya na konda anaita vituo, sijasahau mpaka leo. Sasa naanza na "uko sehemu unaweza kuongea?" Na kama haijashika usiseme tu Mungu atajalia ukakata simu, mpe tarehe ya kumuona daktari palepale, halafu baada ya siku 3 mpigie tena, hata kama huna jipya la kumwambia.