Vijana wa misheni, kabla hamjapanda treni ya Dodoma

Vikundi vya vijana wa kanisa kutoka Dar hunijia kila mwaka kuomba maelekezo ya misheni ya Ugogoni, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma. Huuliza habari za spika na jenereta. Mimi huwauliza kwanza wanakwenda mwezi gani.

Mwezi una uzito kuliko spika. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Januari na Februari akiba ya mwaka jana imekwisha na uwele bado uko shambani. Mkifika kundi zima wakati huo, nyumba zinazowapokea zitakopa unga kwa sababu yenu, nanyi mtacheza pambio juu ya deni la mtu. Nendeni kati ya Juni na Agosti, watu wakiwa wamevuna. Bebeni masweta, maana upepo wa usiku wa Julai kule hauna huruma. Kama hamna budi kwenda miezi ya njaa, nunueni unga, maharage na mafuta, mkawakabidhi akina mama wa kanisa jioni ile ile mnayofika, bila hotuba wala picha.

La pili: hamwapelekei watu Injili wasiyoijua. Wamisionari wa CMS, shirika la umisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ipo tangu 1927. Bibi atakayekupikia Chamwino huenda alipata kipaimara kabla mama yako hajazaliwa. Sema “Mbukwenyi”, ndiyo salamu ya Kigogo, kaa kwenye kigoda ulichopewa, umsikilize.

Kuhusu malazi, fuateni Luka 10. Bwana aliwatuma wawili wawili, akawaambia wakae nyumba iyo hiyo, wakila na kunywa vya kwao, wala wasihamehame. Viongozi wengi hupenda kuwalaza vijana wote kwenye darasa la shule ya msingi, kwa usalama na urahisi. Sipendi. Mkilala darasani mtapiga soga za Kimara na Mbagala hadi usiku wa manane, na kijiji mtakiona kwenye mkutano wa hadhara tu. Mwambieni mchungaji mapema awagawe majumbani, mabinti pamoja na mabinti, katika familia anazozifahamu vizuri.

Sasa chakula, maana hapa ndipo furaha ya wengi hukwama. Utawekewa ugali wa uwele, rangi yake ya kijivu, na bakuli la mlenda. Mlenda huo unatokana na majani ya porini yaliyokaushwa na kutwangwa, na ukibahatika umetiwa karanga. Tonge liwe dogo, lichovye, kisha zungusha mkono ule uzi ukatike kabla hujapeleka mdomoni. Watoto watakucheka. Wacha wacheke, cheka nao, omba wakufundishe. Kijana anayetoa biskuti kwenye begi usiku amejinyima kitu, kwa sababu kuhudumiwa na mtu mwenye kidogo ni sehemu ya misheni, tena ndiyo ngumu. Usile hadi chungu kikauke, lakini. Mara nyingi watoto hula baada ya mgeni.

Mchana fanyeni kazi iliyopo. Mwenyeji akienda kuchota maji, chukua dumu. Akipura uwele, omba fimbo. Nimeona vijana waliokuja kupaka rangi kanisa ambalo halikuhitaji rangi, huku akina mama wakipita nje na ndoo kichwani.

Jumapili kutakuwa na mnada wa sadaka, na hapo nawaomba akili. Asiye na fedha huleta yai, kuku, debe la mahindi, fungu la mlenda mkavu. Baada ya ibada mzee wa kanisa anasimama nje na kunadi. Kuku anaanzia bei ndogo, watu wanapandisha mia tano mia tano, wanataniana, anayeshinda anamzawadia mjane aliyekaa mwisho. Ukiwa umeketi pale umeona furaha ya Kikristo bila mtu kukuhubiria. Kisha kijana wa mjini anapaza sauti: “Elfu hamsini!” Mnada umekufa. Hakuna mwenyeji atakayepanda tena, na yai la yule bibi halina wa kulishindania. Sadaka yenu kubwa itieni kwenye bahasha. Mnadani pandisheni kwa kiwango cha wenyeji, mshindwe mara kadhaa. Mkishinda, gawieni. Wengi tunaimba kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zetu, lakini mstari ule ule wa Nehemia 8:10 unaagiza pia: “mpelekeeni sehemu yeye asiyewekewa kitu”.

Kuna sentensi nimeipiga marufuku kwenye vikundi vyangu: “Hawana kitu, ila wana furaha kutuzidi.” Umeonana na mtu siku nne, amevaa nguo yake nzuri kwa ajili ya mgeni, unajuaje anavyolala? Habakuki hakufanya hivyo. Katika sura ya 3 alianza kuhesabu vilivyokosekana, mtini, mizabibu, mizeituni, chakula cha shambani, mifugo zizini, ndipo akasema atamfurahia Bwana. Jioni mkikutana, fanyeni vivyo hivyo. Kila mmoja ataje upungufu mmoja aliouona kwa jina lake, kisha jambo moja la kushukuru. Pampu ya kisima imeharibika? Iombeeni, na kesho yake muulizeni mwenyekiti wa kijiji kama RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wamepewa taarifa. Atakayelia, mwacheni alie. Msimrukie na pambio.

Picha: ombeni ruhusa, na watoto msiwapige wakiwa uchi au wagonjwa. Sina maelezo zaidi hapo.

Mkirudi mtatakiwa kuandika ripoti ya kusoma kanisani. Iandikeni, kisha itumeni kwanza kwa mchungaji wa kule, aisome mbele ya waliowapokea. Wakisema sivyo ilivyokuwa, rekebisheni, ndipo muisome Dar.